Muji ya Magunzi

Muji yetu ilikuwa na njia moja, soko moja na muto moja. Muto ilikuwa kipande ya kitenge yangu ya zamani, ya buluu, ile iliyopasuka pa magoti. Nyumba zilikuwa magunzi ya mahindi, watu walikuwa maharagi, na mwisho ya muji ilikuwa mwisho ya mukeka. Ukipita pale hakuna kitu tena, ila udongo ya nyumba yangu, miguu ya kiti, na kuku mumoja aliyependa kula wakaaji.

Niliongoza ile muji musimu muzima ya mvua. Ku milima hii juu ya Nyamitaba mvua haiombi ruhusa. Asubui jua inatoka kidogo, unalima, unakata majani ya ng'ombe. Kisha saa sita ukungu inapanda toka mu bonde. Inafunika kwanza miti ya kaliptusi, kiisha choo, kiisha mulango, na wewe unarudi ndani na matope ku vidole. Pale njo tulikuwa tunaenda mu muji.

Mujukuu wangu njo alileta ile mambo. Ni binti wa mutoto wangu wa kwanza, alikuwa anasoma Goma, akarudi wakati masomo ilisimama. Alifika na mufuko ya nguo na kete moja yenye nyuso mingi, kila uso na namba yake. Alinielezea kwamba kule walikuwa wanacheza na wenzake muchezo ya kukaa chini. Mumoja anaongoza, anasema kile kinachoonekana. Wengine kila mumoja anakuwa muntu ndani ya ile habari, anasema atafanya nini. Kama haijulikani atafaulu ao atashindwa, wanatupa kete. Nilimuuliza kama ni kamari. Akasema hapana, hakuna anayekula makuta ya mwenzake. Nikamuambia basi wacheze, lakini mbali na maharagi yangu.

Alipata wachezaji wawili. Mumoja ni papa, vile tunaita baba wa watu, mutengeneza fromaje, jibini ya maziwa, jirani wa chini kidogo, muntu anayekuja kwangu kungoja mvua ipite hata kama haijaanza. Mwingine ni mama wa Walikale, anayeikaa mu nyumba ndogo nyuma ya yangu, ile iliyokuwa jikoni ya mutoto wangu. Juu ya huyu mama nitasema zaidi.

Mujukuu aliwaongoza siku ya kwanza. Aliwaingiza mu pango ya zahabu yenye kulindwa na munyama ya vichwa vitatu. Papa wa fromaje akauliza kichwa gani inakula kwanza. Kiisha akauliza nani atakamua ng'ombe mangaribi kama pango iko mbali. Mama wa Walikale aliangalia mikono yake tu. Mimi nilikuwa nachagua maharagi pembeni, nikasema ile watu yake hawakukula tangu asubui, na hakuna hata mumoja aliyeuliza maji iko wapi.

Mujukuu akakasirika. Akaniita Koko, vile wajukuu wanaita nyanya: "Basi Koko, ongoza weye."

Alisema vile kunichokoza. Niliweka ungo chini, nikatandika mukeka.

Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa tatu ku shule ya misioni, kiisha kaka zangu wakaendelea na mimi nikachunga ndama. Lakini kuongoza muji haiombi diploma. Inaomba ujue maji inatoka wapi, na nani hasemezani na nani. Niliweka muto kwanza. Kiisha njia, kiisha soko pale njia inakaribia muto, kiisha nyumba. Walitaka niipe muji jina, nikakataa. Muji ikishapata jina wanailetea chefu, kiisha bariere ya kufunga njia, kiisha mukubwa wa bariere.

Niliwapa sheria. Ya kwanza: hakuna anayetoka ku mukeka. Mujukuu alitaka safari, alitaka milima ya mbali. Nikamuambia safari tumefanya ya kutosha mu nchi hii, hapa tutakaa. Ya pili: haragi yako ikishakuwa chini, kinywa yako iko kinywa ya ile haragi, ukisema kitu umeisema mu muji. Ya tatu niliweka juu ya mujukuu mwenyewe, sababu alikuwa anapenda kugeuza mambo, leo daraja ya mbao, kesho ya chuma. Nilisema: kitu nikishasema iko, njo iko. Siondoe.

Lazima nieleze hii neno. Mujukuu anasema Kiswahili ya buku, yupo, upo, ipo, zipo, muntu anachoka kabla ya kumaliza. Sisi tunasema iko. Muntu iko, ng'ombe iko, mvua iko, Mungu iko. Ukiniuliza chumvi, nitajibu iko. Ukiniuliza bwana yangu, nitajibu vilevile.

Kila mumoja alichagua haragi yake mu ungo. Mujukuu alichukua ya manjano, akasema yeye ni motari, binti anayeendesha pikipiki. Mu muji ya njia moja, alikuwa anazunguka kutwa kama inzi mu chupa, anabeba watu toka soko mupaka kanisa, hatua kumi. Papa wa fromaje, aliyeshika maziwa tangu utoto, alichukua nyekundu, akakataa kabisa ng'ombe. Alitaka kuwa mushonaji. Alisema tangu zamani anawaza kufanya kazi ya kukaa, yenye harufu nzuri.

Mama wa Walikale alikawia kuchagua. Mwisho akachukua moja kubwa ya madoadoa. Akasema atakuwa muuzaji wa mawese, kama vile alikuwa kwao. Akaomba nyumba ya mwisho, ile ya karibu na muto. Nikampa. Akasema mulango yake inafungwa, na hakuna mwenye kuingia. Nikasema sawa, inafungwa.

Sasa niseme ginsi alifika huku. Kwao ni mu pori, mbali chini, fasi ambayo miti inakula jua. Bwana yake alikuwa mulimaji na muwindaji. Asubui moja alienda kuangalia mitego. Ile siku watu wa kijiji walikimbia vita, wa upande huu wakaenda huku, wa upande ule wakaenda kule, na yeye akajikuta ku njia ya kupanda huku kwetu Masisi na sufuria mu mukono na viatu ya muntu mwingine. Bwana hakuonekana tena. Hakuna aliyemuona amekufa, na hakuna aliyemuona mahali.

Kwao kuko desturi. Mwanaume akifa, bibi yake anakaa chini pa kilio, wanamunyoa kichwa. Siku za kilio zikiisha, wanamupeleka ku muto kumuosha, njo anasimama tena. Bila yeye kilio haianzi. Kaka mukubwa ya bwana yake alikuwa anapiga telefone, anasema wamengoja vya kutosha, ndugu yao iko mu pori kama munyama, hakuna aliyemulilia, mama yao anazeeka. Na huyu mama kila mara alijibu neno moja: sijui. Aliniambia siku moja tukipalilia viazi: "Wataninyoa juu ya nani? Sikuona kaburi. Sikuona hata shati."

Nilirudia jembe yangu. Niliwaza ni kazi yake, na yeye njo anajua uzito yake.

Basi tuliendelea na muji. Na kitu kilianza kunifikia ambacho sikukitafuta. Nikiwa ku shamba, ukungu ikipanda, nilikuwa naona ile njia. Niliona wauzaji wa soko wakifunika unga sababu ya matone ya kwanza. Nilijua ku nyumba ya tatu kuko muzee ambaye hasalimie watu baada ya mangaribi, hata kama hakuna aliyeniuliza habari yake. Niliinama kupanda haragi na nikaogopa kidogo kuitia mu udongo, sababu sikuwa na hakika kama haiko na kazi fasi ingine. Usingizi ilikuwa inanibeba ku daraja. Maji pale chini ilikuwa buluu yenye maua ya kitenge, maua inateremka pole pole na haifiki.

Nilimuuliza bwana yangu kama yeye pia anasikia muto. Yeye amezeeka, kifua imemushika, anaikaa mu chumba nyuma ya ukuta ya mbao, na kukohoa kwake njo saa yetu. Alinijibu kwamba ni bati inavuja. Inawezekana. Lakini nilikuwa nimeweka ndoo pale, na ndoo ilikuwa kavu.

Siku moja mvua ilikuja na upepo, ikapindua muto yangu. Nilikuwa nimeinama kunyoosha kitenge na kuzuia magunzi. Papa wa fromaje alikuwa mu hadisi ndefu juu ya suruali ya pastere wa muji; yeye mushonaji alimushonea mufuko moja tu ili aone pastere atafanya nini na mukono ingine. Mama wa Walikale akaingia akiwa ameloa, akakaa, akaweka haragi yake chini. Mimi sikuona kama ameiweka. Nyuma ya ukuta bwana yangu akakohoa. Mama akauliza kama anavyouliza kila siku, sababu ni muntu wa heshima:

"Papa iko?"

Nami nikajibu bila kuinua kichwa: "Iko. Analala."

Papa wa fromaje akaacha hadisi ya suruali. Mujukuu akaangalia mukeka, akaanza kucheka, kwanza kidogo. Akanyosha kidole. Haragi ya madoadoa ilikuwa chini, mbele ya ile nyumba ya mwisho, mbele ya mulango yenye kufungwa.

"Koko, umesema iko."

Nikasema nilikuwa nasema juu ya muzee wangu. Mujukuu akasema haragi ilikuwa chini, basi mu ile nyumba papa iko, na ile sheria iko yangu, sio yake. Alikuwa anacheza tu. Ni mutoto, hakuona bado alichokishika. Nikageuka kwa mama ili nimuambie asikasirike, ni kinywa imeteleza.

Hakukasirika. Alikuwa anaangalia ile gunzi kama vile inatoa moshi. Alikaa vile mupaka mujukuu mwenyewe akaacha kucheka. Kiisha akasema, pole sana:

"Basi analala. Tusipige makelele."

Na hatukupiga makelele. Toka siku ile, mu muji yetu kulikuwa muntu mwenye kulala. Motari alikuwa anazima pikipiki akifika karibu na muto, anaisukuma kwa mukono. Wauzaji wa soko walisema kwa sauti ya chini. Mvua yenyewe, nikiisema, niliisema ndogo ku upande ule. Mama alifungua mulango kila siku akiingia, akaifunga. Hakuniambia anafanya nini ndani, na mimi sikuuliza. Alikuwa anauza mawese yake, anacheka na mushonaji, anarudi mapema. Mu maisha ya kweli pia alianza kutembea vingine. Alifua kitenge yake ya siku ya Mungu siku ambayo haikuwa siku ya Mungu.

Siku moja papa wa fromaje, mu kazi yake ya mushonaji, akasema muntu akilala hivi akiamuka atahitaji suruali, zile za zamani lazima ziliisha mu pori. Nilimuangalia kwa ukali. Nilidhani amevuka mupaka. Lakini mama alisimama, akasimama kweli, mu nyumba yangu, akaweka mukono ku mwili yake. Akasema urefu unafika hapa, akaonyesha juu ya kiuno chake kidogo. Kiuno ni hivi, akafunga mikono mbele kama anakumbatia muti mwembamba. Muguu ya kuume ni fupi kidogo kuliko ya kushoto, aliangukaka ku mutego yake mwenyewe akiwa kijana, usishone sawasawa atakanyaga. Papa wa fromaje alipima hewa na vidole vyake vyenye kunuka maziwa. Akasema amesikia. Hakufanya muzaha ingine ile siku.

Mimi nilianza kulala vibaya.

Sababu telefone iliendelea kulia, na sasa mama alikuwa hajibu tena kama zamani. Zamani alisema sijui. Sasa alikuwa anaangalia telefone ikilia, anaigeuza kifudifudi. Mwisho shemeji yake alinitafuta mimi. Alipata namba ku kijana muuza unite za telefone, pale Muheto siku ya soko. Alisema na heshima yote, aliniita mama mukubwa. Alisema wamepanga kilio baada ya mavuno ya maharagi, gari ya mizigo itapita, watamuombea nafasi. Alisema kama hatakuja sasa, mama yao atakufa bila kumulilia mutoto wake, na yeye hatamungoja tena huyu bibi, atamuhesabu kama muntu aliyekataa ukoo. Akauliza mimi naona namna gani. Nilisema nitamuambia.

Nilimuambia, tukiwa jikoni, nikimenya ndizi. Nilimuambia habari yote, sikupunguza. Alisikiliza mupaka mwisho. Kiisha akasema, "Lakini mama, iko. Weye mwenyewe ulisema."

Kisu ilisimama mu ndizi. Nilitaka kumugombeza, na mimi najua kugombeza, wanangu wote ni washuhuda. Sikuweza. Kama ningesema haiko, ningekuwa nimemuua muntu kwa kinywa, muntu ambaye sikumuona hata siku moja. Na kama ningemuacha alale, huyu mama angekaa pa ule mulango mupaka meno ianguke, na kilio ya mama mwingine ingekaa imefungwa kule chini mu pori. Nilimaliza ndizi. Niliitia mu maji. Nilimuambia mvua inakuja, tutaonana pa mukeka.

Hakuja ile siku, wala kesho yake. Niliwaza amehama na haragi yake. Tulicheza bila yeye, vibaya. Motari alianguka mu muto, kete ilikataa mara mbili kumutoa, na hakuna aliyejali.

Alirudi maharagi ikiwa inakauka ku vijiti vyake, siku ya ukungu nzito, mvua haijaanza lakini hewa yote imelowa. Aliketi. Alivaa ile kitenge yake nzuri. Akaweka haragi pa mulango ya nyumba ya mwisho na akaniangalia machoni.

"Mama, umuamushe."

Nikamuambia sitafanya vile. Sitatia maneno mu kinywa ya muntu ambaye sijui sauti yake.

"Hatasema," akajibu. "Asubui hasemake kitu. Weye useme tu ginsi anatoka."

Nikamuambia sijui ginsi anatoka.

Basi akanielezea, na mimi nikasema kisha yake, neno kwa neno, ili iwe imesemwa na mwenye kuongoza. Alisema anakaa kwanza ku kitanda na mikono ku magoti. Nikasema, anakaa ku kitanda, mikono ku magoti. Alisema anakunywa maji akisimama, kopo karibu yote, anamwaga kidogo pa kizingiti. Nikasema anamwaga. Papa wa fromaje akauliza polepole, kama muntu anayeuliza mu kanisa, suruali je.

Mama akafikiri. "Anavaa," akasema. "Inamufaa."

Nikasema anavaa, inamufaa, na hakanyagi. Anachukua upanga, anagonga nayo ku mulango mara moja, si ya hasira, ni vile anavyofanyaka. Imbwa anasimama. Nilikuwa sikujua kama kuko imbwa. Sasa iko. Anatoka. Ukungu iko mu njia yote, soko haijafunguka, muzee wa nyumba ya tatu iko inje na anamusalimia, na ni asubui ndiyo maana anasalimia. Anateremka ku muto. Maji iko chini, maua inapita. Anaacha daraja, anavuka akiinua suruali, muguu fupi mbele. Anafika mwisho ya mukeka.

Nikasimama pale. Nikawaambia sheria ni sheria, hakuna anayetoka ku mukeka.

Mujukuu akainama juu ya mukeka. Uso yake ilikuwa imebadilika. Akasema, "Koko, yeye hana haragi."

Niliangalia. Kweli. Musimu muzima analala mu nyumba ile na hatukumuwekea hata siku moja haragi. Sheria iliwashika wenye haragi. Yeye haikumushika.

Basi nikasema anapita. Anapita mukeka, anapita udongo ya nyumba, miguu ya kiti. Imbwa iko mbele yake. Anapita mulango yangu ambayo iko wazi, na inje ni ukungu mupaka chini kabisa, mupaka fasi ambayo miti inaanza. Sisi wote wane tuliangalia mulango. Sitasema niliona kitu. Kuku alisogea kando.

Kiisha mama akageuza macho ku ile gunzi, akauliza, na sauti yake ile ya heshima ya kila siku:

"Papa iko?"

Niliinua kichwa. Na kabla nijibu, nyuma ya ukuta ya mbao, bwana yangu, aliyekuwa anasikia ile maulizo musimu muzima na kuwaza kila mara wanamuulizia yeye, akakohoa na akajibu:

"Niko, mama. Aksanti kuuliza. Leo ni afazali kidogo."

Papa wa fromaje akaziba kinywa. Mama wa Walikale akaanza kucheka. Alicheka mupaka akainama juu ya mukeka, mupaka kitenge ikamutoka ku bega, na mahali fulani pale katikati kicheko ikawa ile ingine, na hatukuona ni wapi ilivuka. Mujukuu akataka kumushika. Nilimuzuia. Niliacha alie yote.

Kisha nikasema: "Wangu iko. Wako haiko, mama. Ametoka."

Akapangusa uso. Akasema ndiyo. Akachukua haragi yake toka pa mulango, akaifunga ku ncha ya kitenge, akaniuliza gari inapita siku gani.

Tulimusindikiza mupaka barabara ya Bihambwe. Mujukuu alimubebea mufuko. Papa wa fromaje alimupa fromaje mbili nzima za kupelekea mama mukwe, na akamuelezea mara tatu ginsi ya kuzifunga na majani ili zisipate jasho. Bwana yangu, aliyeelezwa mambo yote na akasikia haya, alimutumia salamu. Mama alipanda juu ya mizigo, akakaa na mugongo ku magunia ya viazi. Hakuangalia nyuma. Yule si muntu wa kuangalia nyuma.

Alipiga telefone siku walimuosha. Alisema maji ilikuwa baridi. Alisema mama mukwe alimushika mukono mupaka mwisho.

Muji iliendelea bila yeye, kidogo. Mushonaji alitaka kugeuza kazi, akaomba angalau mbuzi moja. Nyumba ya mwisho niliiacha mulango wazi, sababu muntu alitoka pale na sikusema kama kuko aliyeifunga. Siku za ukungu mujukuu alikuwa anasukuma bado pikipiki kwa mukono akikaribia muto. Nikamuuliza juu ya nini, sasa hakuna anayelala. Akasema amezoea.

Mvua ingine ilikuwa imeanza wakati mama wa Walikale alirudi. Alishuka na bidon ya mawese na kichwa chenye nywele fupi kama za mutoto muchanga. Alimusalimia bwana yangu kwanza, ku mulango ya chumba yake, uso kwa uso, ili kusiwe makosa. Kiisha akakaa pa mukeka, akafungua ncha ya kitenge. Haragi ya madoadoa ilikuwa imekunjamana kidogo.

Nilimuuliza anataka kukaa nyumba gani. Ziko zingine, nikamuambia, kuko moja nzuri pa soko.

Akasema ni ileile. Lakini aliuliza kama kuko dirisha, upande ya muto.

Nikawaza. Kabla ya ile siku hakuna aliyeniuliza dirisha.

"Iko," nikasema.